Simu ya kitandani na wasiwasi usiokwisha

Wiki hii safu yetu inazungumzia tatizo ambalo limeingia majumbani kimya kimya, na ambalo wengi wetu hulipa jina lisilo lake. Mama anashtuka usingizini saa tisa za usiku, moyo unamdunda, viganja vimelowa jasho na kifua kimembana kama mtu aliyetoka kukimbia. Asubuhi anakwenda hospitali. Anapimwa presha, sukari na moyo, na anaambiwa kila kitu kiko sawa. Baada ya wiki mbili hali inarudi. Hapo minong'ono huanza. Mmoja atasema ni vidonda vya tumbo, mwingine atasema ni jini, na wa tatu atamtaja jirani. Ni wachache mno watakaomuuliza swali dogo: kabla ya kulala ulikuwa ukitazama nini kwenye simu, na kwa muda gani?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kuwa kila anayedundwa na moyo ameugua kwa sababu ya simu. Upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo, maradhi ya moyo wenyewe, na hata kahawa nyingi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyovipenda vijana, vyote huweza kuleta dalili hizo hizo. Ndiyo maana kwenda kupimwa ndilo jambo la kwanza. Lakini vipimo vikitoka safi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, basi ni vyema familia ikautazama wasiwasi kama maradhi yanayojitegemea, na ikatazama pia kinachoulisha.

Wasiwasi ni kengele ya mwili

Kwa asili yake wasiwasi si ugonjwa. Ni neema. Ukikutana na nyoka njiani, ubongo hupeleka amri kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga homoni iitwayo adrenalini ndani ya damu. Papo hapo moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na tumbo hupunguza kazi yake ya kusaga chakula ili nguvu zote ziende miguuni. Nyoka akishapotea vichakani, baada ya muda mfupi mwili hutulia, nawe utaendelea na safari yako.

Taabu huja pale kengele inapolia bila kuzimwa. Mwili haungoji nyoka wa kweli. Habari ya kutisha, maneno ya kashfa yaliyoandikwa dhidi yako, au ujumbe wa mwanao usiojibiwa, vyote huweza kuigonga kengele ile ile, na mtu akavigonganisha na vingine vya namna hiyo mara ishirini au thelathini kabla hajapata usingizi. Amelala chali, hakimbii popote wala hapigani na yeyote, lakini mwili wake umo vitani. Tumbo linalouma, kichwa kizito, shingo iliyokaza na mikono inayotetemeka si uongo wala si kujidekeza. Mgonjwa anaumwa kweli.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na hakuna kundi jingine la maradhi ya akili lenye wagonjwa wengi kuliko hilo. Maradhi haya yalikuwepo kabla ya simu. Babu zetu waliyajua. Yanarithiwa katika koo, yanaletwa na madeni, na misiba, na ndoa zenye misukosuko. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna chombo kinachoweza kuyachochea kila saa, na tunalala nacho chini ya mto.

Gazeti lisilo na ukurasa wa mwisho

Gazeti unalolishika mkononi lina ukurasa wa mwisho. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa na mwisho wake. Msomaji aliaga, redio ikazimwa, watu wakalala. Mitandao ya kijamii haikutengenezwa hivyo. Mwaka 2006 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Aza Raskin, alibuni utaratibu wa ukurasa unaojiongeza wenyewe kila unapoufikia mwisho, na baadaye mwenyewe alikuja kueleza hadharani kuwa anajutia jinsi ulivyotumika. Mwaka 2009 Facebook wakaongeza kitufe cha kupenda. Tangu hapo, anayeweka picha hakai akastarehe tena. Hurudi kuchungulia: wangapi wamependa, na fulani je, mbona yeye kaiona lakini hakusema kitu?

Fikiria mvuvi wa mshipi. Angekuwa anapata samaki kila akitupa, angechoka mapema na kurudi nyumbani. Asingepata kabisa, vilevile angerudi. Kinachomweka juani mpaka magharibi ni kule kutojua: pengine safari hii. Simu humkamata mtu kwa namna hiyo hiyo. Mara nyingi unapoifungua hakuna jambo la maana, lakini mara moja moja lipo, na kwa ajili ya hiyo moja unaifungua mara mia.

Kisha kuna zile tiki mbili za bluu, ambazo WhatsApp waliziweka mwezi Novemba 2014. Ni jambo dogo, lakini hebu mfikirie mama wa Tanga au Mombasa ambaye binti yake amekwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Zamani angengoja barua kwa mwezi mzima, na katika mwezi ule angepika, angelima, angecheka na wenzake. Leo ametuma ujumbe baada ya Magharibi. Tiki moja. Amerudi kutazama baada ya Isha. Tiki mbili za kijivu. Usiku wa manane zimegeuka bluu na jibu hakuna. Amesoma, kwa nini hajibu? Amenyang'anywa simu? Anaumwa? Kumbe binti kasoma huku anasukumwa na kazi, akasema atajibu asubuhi. Mama yake keshakesha. Na katika ndoa ndiyo usiseme: wapo wanaolindana kwa kutazama saa ya mwisho mwenzake alipoonekana mtandaoni, na nyumba ikawaka moto kwa jambo ambalo pengine halikuwepo. Alama hizo za bluu na saa hiyo ya mwisho vyote huweza kuzimwa katika mipangilio ya simu. Kwa wanandoa ni vyema wazime kwa makubaliano, maana anayezima peke yake huzua jingine.

Picha za ajali na misiba

Hapa ndipo safu hii inapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo madhara ni makubwa na ndipo tunapojidhuru wenyewe kwa mikono yetu.

Mwezi Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka katika mashindano ya mbio ndefu mjini Boston, Marekani. Watafiti waliwauliza watu 4,675 hali zao katika wiki chache zilizofuata. Wangetegemea kuwa walioteseka zaidi kwa mshtuko ni wale waliokuwa mahali penyewe. Haikuwa hivyo. Waliotumia saa sita au zaidi kwa siku wakifuatilia habari na picha za tukio hilo katika wiki ya kwanza, kwenye televisheni, redio, magazeti na mitandao, walionyesha mshtuko mkubwa kuliko waliokuwepo pale. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2014. Maana yake ni nzito. Aliyekuwepo aliliona tukio mara moja. Aliyekaa na kioo aliliona mara mia.

Sasa tujiangalie. Nani aliyekuwa na simu mwezi Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, ambaye hakuletewa picha za waliungua? Zililetwa na nani? Na shangazi, na mjomba, na rafiki wa kazini, katika kundi la ukoo ambalo ndani yake wamo wajukuu wa miaka kumi na wawili. Anayetuma huandika "Inna lillahi" chini ya picha na kudhani ametoa tahadhari au ametoa pole. Ukweli ni kwamba amefanya makosa mawili. Kwanza amevunja heshima ya marehemu, ambaye tumefundishwa kumsitiri hata wakati wa kumwosha. Pili amewapelekea watu mia mbili mshtuko usio na kazi, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumsaidia aliyemo pichani. Wasiwasi wenye kazi humfanya mtu atende: afunge mlango, ampeleke mtoto hospitali, achangie damu. Wasiwasi usio na kazi hubaki ndani.

Ni hivyo hivyo kwa uvumi. Mwanzoni mwa mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoanza kuenea, Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba pamoja na virusi dunia inakabiliwa na mafuriko ya habari, za kweli na za uongo zikiwa zimechanganyika. Mwezi Aprili mwaka huo WhatsApp wakaweka kikomo: ujumbe ambao umekwishapita mikono mingi hauwezi kupelekwa zaidi ya kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Ukiona ujumbe una alama ya mishale miwili, jua kwamba hata aliyekutumia hamjui aliyeuandika. Muislamu amekwishaamrishwa katika Surat Al-Hujuraat kuihakikisha habari anayoletewa kabla ya kuifanyia kazi. Kwa macho ya afya, amri hiyo ni kinga ya akili pia.

Kuna njia rahisi ya kupunguza picha hizi. Katika mipangilio ya WhatsApp, zima utaratibu wa picha na video kujipakua zenyewe. Utaona ukungu tu, nawe utaamua kufungua au kuacha. Bando nalo litadumu.

Macho yanayotazama bila kusema

Facebook ilipoanza mwezi Februari 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa chuo kimoja, Harvard, kisha ikafunguliwa chuo baada ya chuo. Mpangilio huo uliwapa watafiti nafasi nzuri: waliweza kulinganisha vyuo ilikokwisha kufika na vile ilikokuwa bado. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kuwa kule ilikofika afya ya akili ya wanafunzi ilishuka, na sababu iliyoonekana kuwa na nguvu zaidi ni wanafunzi kujilinganisha na wenzao. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ulionyesha tofauti kati ya mtu anayeandika na kuzungumza na wenzake mtandaoni na yule anayepita tu kimya akitazama maisha ya watu. Ni huyu wa pili aliyejihisi vibaya zaidi kufikia jioni.

Jambo hili kina mama wanalijua bila utafiti. Unatazama stetasi za watu: harusi yenye sare tatu, sebule mpya, mume aliyeleta zawadi, watoto waliofaulu. Hakuna aliyeweka picha ya mkopo wa ile sebule. Unajilinganisha undani wako wote, pamoja na deni la ada na sufuria iliyoungua, na dakika moja bora ya mwenzako. Wasichana wadogo wanaumizwa zaidi, hasa kwa sura na maumbile. Mwaka 2021 aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, Frances Haugen, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo, na ndani yake yalikuwemo maelezo ya watafiti wa kampuni yenyewe kwamba Instagram iliwazidishia hali ya kutojikubali miili yao msichana mmoja kati ya watatu. Kampuni ilidai kuwa maelezo yale yalitolewa nje ya muktadha, kwamba yaliwahusu wasichana waliokuwa tayari na tatizo hilo. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo hatafarijika sana na utetezi huo.

Kwa uadilifu lazima tuseme kuwa wataalamu hawajakubaliana kuhusu ukubwa wa madhara. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kukuta kuwa matumizi ya teknolojia yanaeleza chini ya nusu ya asilimia moja ya tofauti za ustawi wao. Ni kidogo sana. Lakini wastani huchanganya wote pamoja: kijana anayetumia simu kuzungumza na binamu zake na kulala saa nne, na yule anayekesha nayo mpaka alfajiri akisoma matusi. Safu hii inaona kuwa swali la kuuliza nyumbani ni jinsi kila mmoja anavyoitumia simu yake, saa ngapi, na imechukua nafasi ya nini.

Usingizi ndio unaoibiwa

Na jibu la swali hilo la mwisho, katika nyumba nyingi, ni usingizi. Mwaka 2016 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 20 zilizohusu watoto zaidi ya 125,000. Waliotumia simu na vifaa kama hivyo wakati wa kulala walilala muda mfupi na usingizi mbovu. La kushangaza ni kwamba hata wale ambao kifaa kilikuwa chumbani tu, bila kutumiwa, walipungukiwa na usingizi kuliko wasio nacho. Sikio hubaki likingoja mlio.

Usingizi na wasiwasi hulishana. Aliyelala saa nne tu huamka na kengele yake ikiwa nyepesi, kitu kidogo humshtua. Na aliyeshtuka mchana kutwa usiku hapati usingizi, hivyo huchukua simu. Katika hadithi aliyoisimulia Abu Barza, iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunajifunza kuwa Mtume (s.a.w.) hakupenda watu kukaa wakizungumza baada ya Isha. Wakati ule hapakuwa na taa za kuwakeshesha watu, sembuse kioo kinachozungumza na dunia nzima.

Wengi watasema: simu lazima ikae karibu, ndiyo inayoniamsha kwa swala ya Alfajiri. Nunua saa ya mezani. Inauzwa kwa bei ndogo kuliko bando la mwezi, na haina habari za mtu. Simu ichajiwe sebuleni, ya baba na ya mama zikiwa za kwanza kuwekwa pale, maana mtoto hatatii amri ambayo mzazi anaivunja mbele yake. Mwenye mgonjwa au ndugu aliye mbali aache sauti ya kupigiwa iwe wazi na azime milio ya ujumbe. Mwenye dharura atapiga.

Ama kwa muda wa mchana, kuna jaribio lenye faida lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuchapishwa mwaka 2018. Wanafunzi 143 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea kama kawaida, na jingine lilitumia Facebook, Instagram na Snapchat dakika kumi tu kila mmoja kwa siku, kwa wiki tatu. Kundi lililojizuia lilipungukiwa na upweke na sonona. Kuhusu wasiwasi, makundi yote mawili yalipata nafuu kidogo, na watafiti walidhani kuwa kule kujua tu kwamba muda wao unahesabiwa kuliwafanya hata wale wengine wajiangalie. Hivyo anza na kuhesabu. Simu nyingi za sasa, ukiingia kwenye mipangilio, zitakuonyesha saa ulizotumia kwa kila programu. Wengi hutaja saa moja, na simu huwajibu nne.

Usimnyang'anye kijana simu kwa ghafla na kwa kelele. Kwake humo ndimo walimo marafiki wote, na pengine humo ndimo anamotukanwa na kutishiwa, naye anaogopa kukuambia kwa sababu anajua utaichukua. Kaa naye, mwambie akuonyeshe anachotazama, na umsikilize mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Wakati wa kwenda hospitali

Kuweka simu sebuleni hakutibu kila wasiwasi. Ikiwa hofu imekuwepo siku nyingi kuliko zisizo nayo kwa miezi sita, au mtu anashikwa na mshtuko wa ghafla akidhani anakufa, au ameacha kwenda kazini, shuleni au msikitini kwa ajili ya hofu, huyo anahitaji mtaalamu. Anayesema amechoka kuishi apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Huduma zipo Muhimbili, zipo Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu kwa ndugu zetu wa Unguja, Mathari kwa walio Nairobi, na katika hospitali za mikoa. Kwenda huko si dalili ya kupungukiwa na imani, na mgonjwa hazuiwi kusomewa Qur'an akiwa anaendelea na matibabu.

Yapo matibabu ya mazungumzo, ambayo mgonjwa hufundishwa kuyajua mawazo yanayoigonga kengele na kuyapima, na zipo dawa za kumeza kila siku, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifai. Jihadharini sana na vidonge vya usingizi kama diazepamu vinavyonunuliwa mitaani bila cheti. Hutuliza usiku ule, lakini mwili huvizoea upesi, na kuviacha ghafla baada ya kuvitumia muda mrefu huleta hatari kubwa, hata degedege. Aliyekwisha kuvizoea asiache mwenyewe. Daktari atampunguzia kidogo kidogo.

Siku ya kwenda, mwambie daktari dalili zote, na mwambie pia unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi, na hesabu ya saa za simu kama ulivyoikuta kwenye mipangilio. Wengi huificha kwa aibu. Naye asipoijua atakuandikia vipimo vile vile ulivyokwisha kufanya.